Kiasi Kimfaacho Ndovu

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi hapa Kaaga, ndovu dume alitoka Msitu wa Imenti usiku akaingia katika mashamba yetu. Kulipopambazuka waliletwa askari wawili wenye bunduki. Nilihesabu milio kumi na miwili. Ndovu hakuanguka, alirudi msituni akichuruzika damu, na kwa siku nne hakuna mama aliyethubutu kwenda kuokota kuni.

Jirani yetu mmoja mzee, ambaye kabla ya uwindaji kupigwa marufuku mwaka 1977 aliwahi kuwabebea bunduki wawindaji wa Kizungu, aliokota ganda moja shambani, akaligeuzageuza kiganjani.

“Babu, mbona hakufa?” nilimwuliza.

“Mjukuu wangu, hii ni ya kupigia watu.”

Mimi ni mtu wa lugha, si wa bunduki, lakini jibu hilo limenifuata hadi katika kamusi. Neno risasi tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni madini yale mazito na laini. Ulaini huo unamfaa mwindaji wa swala, kwa kuwa risasi hupanuka mwilini na kuua upesi. Kwa ndovu haufai hata kidogo. Ubongo wake umejificha nyuma ya mfupa mnene wenye vitundu kama sega la nyuki. Risasi laini hubondeka humo kabla ya kufika. Yeye huhitaji risasi iliyovikwa gamba gumu, ipenye moja kwa moja bila kubadili umbo.

Wengi hudhani dawa ni bunduki kubwa. W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa risasi ya milimita 7 yenye uzito wa gramu 11 hivi, ilhali wenzake walitumia za gramu 32 na zaidi. Siri yake ilikuwa gamba gumu na shabaha: alipasua mafuvu kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. (Sisemi aigwe, asiye na shabaha ya Bell akichukua bunduki ya Bell atakanyagwa.)

Kamusi za zamani zina neno jingine, ambalo leo limesahaulika kwa maana hii: kiasi, yaani baruti na risasi ya mlio mmoja. Enzi za gobori kila mpigaji alijipimia baruti yake. Viwanda vilipochukua kazi hiyo, si kila mara walipima vyema. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi ya .458, ganda lake likiwa na urefu wa milimita 63.5 tu. Baruti ilishindiliwa humo hata nyingine ikagandamana na kuungua vibaya, na risasi ikapungukiwa mwendo mbele ya nyati. Ndipo wawindaji wengi wakarudia desturi ya gobori: kujijazia wenyewe, fataki mpya, baruti iliyopimwa kwa mizani, risasi ya kuchagua. Mmoja wao, Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, baadaye alibuni ganda la milimita 71 ili baruti ipate nafasi.

Sipendekezi uwindaji urudishwe Kenya. Lakini ndovu wangali wanavamia mashamba, na mara moja moja askari huagizwa kumwua aliyekwisha kuua mtu. Marufuku ya 1977 iliondoa wawindaji pamoja na elimu yao. Haikuondoa haja ya elimu hiyo. Askari anayetumwa kazi hii apewe risasi ya gamba gumu na bunduki nzito, na awe amefundishwa juu ya fuvu halisi. Akikosa hayo, heri apige mabati na kumfukuza ndovu usiku kucha.

Yule dume alipatikana siku ya tano, amelala kando ya kijito, yu hai bado.