Sungura jike anasumbuka kuzaa? Hesabu siku kwanza kabla hujashika dawa

Unafungua banda asubuhi, unakuta vitoto vya sungura vimetapakaa kwenye wavu, vimepoa, vingine vimekufa. Au jike amefikisha siku zake, anahema tu na hakuna kinachotoka. Hapo wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo kutafuta sindano. Lakini mara nyingi tatizo lilianza siku kadhaa nyuma, na lingezuilika kwa kalamu na daftari.

Kwa mfugaji wa Isongole, wilayani Ileje, jambo hili ni la kuzingatia zaidi. Barabara ya Mpemba hadi Isongole ni zaidi ya kilomita 50. Ukimpigia simu daktari wa mifugo aliyeko Tunduma saa nane usiku, hata akitoka muda huohuo hafiki ndani ya nusu saa. Na sungura mwenye afya kwa kawaida humaliza kuzaa ndani ya nusu saa hiyo. Kwa hiyo kazi kubwa ni yako, na inaanza mapema.

Daftari la siku 31

Mimba ya sungura huchukua siku 28 hadi 32, wengi huzaa siku ya 31. Siku unayompandisha, iandike. Mfano, amepandishwa Juni 1:

- Juni 11 hadi 15: mpapase tumbo taratibu. Ukisikia vitu kama gololi vinavyoteleza, ana mimba. Usibinye.
- Juni 29: weka kisanduku cha kuzalia.
- Julai 2: tegemea azae.
- Julai 4: kama bado, ni hatari. Usiendelee kusubiri.

Akianza kunyofoa manyoya na kutengeneza kiota karibu siku ya 17, huenda ni mimba ya uongo. Hiyo hutokea akipandwa bila kushika, au majike wakikaa banda moja na kupandana wenyewe. Asiye na daftari atadhani amechelewa kuzaa, atamchoma sindano bure.

Kwa nini vitoto hufia kwenye wavu

Sungura tunayemfuga si ndugu wa karibu wa yule wa porini kwetu. Yule wa porini huzaa juu ya ardhi, na watoto wake hutoka na manyoya, macho wazi. Huyu wa bandani asili yake ni sungura wa Hispania na Ureno, anayezalia shimoni. Watoto wake huzaliwa uchi, hawaoni, na hawawezi kujitunzia joto. Macho hufunguka wakiwa na siku kama 10.

Mama wa aina hii hana tabia ya kumbeba mtoto aliyeanguka na kumrudisha kiotani. Akizalia kwenye wavu, kila mtoto anapoa peke yake. Usiku wa Juni na Julai Ileje, baridi haitanii.

Dawa yake ni kisanduku. Urefu kama sentimita 45, upana na kimo kama 30, mlango uwe na kizingiti ili vitoto visitoke. Weka nyasi kavu safi, jike ataongeza manyoya yake mwenyewe. Ukikiweka mapema sana atakifanya choo, ukichelewa atazalia nje. Siku ya 28 ndiyo saizi yake.

Kuzaa kwa kawaida kukoje

Mara nyingi huzaa usiku au alfajiri, vitoto sita hadi nane, wakati mwingine zaidi. Mtoto kutanguliza kichwa au miguu ya nyuma, vyote ni kawaida. Mama kula kondo la nyuma pia ni kawaida, usimnyang'anye. Weka maji mengi, funga mbwa mbali, watoto wa nyumbani wasimsumbue.

Dalili kwamba mambo si sawa

Chukua hatua ukiona moja kati ya haya:

- Anasukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa bila kutoa mtoto.
- Mtoto amekwama nusu ndani, nusu nje.
- Damu nyingi, au uchafu unaonuka au wa rangi ya kijani.
- Amepita siku ya 32 na ulimpapasa ukajua ana mimba.
- Hali chakula, amezubaa, siku za mwisho za mimba. Hii huwapata sana majike wanene na huua haraka.

Sababu za kawaida ni tatu. Ya kwanza, alipandishwa mdogo, nyonga haijapanuka. Subiri afike miezi mitano hadi sita, na jamii kubwa subiri zaidi. Ya pili, amenenepa kwa kushindiliwa pumba. Mpe majani na nyasi kwa wingi, pumba kidogo. Ya tatu, ana mtoto mmoja au wawili tu, hivyo wamekua wakubwa kupita kiasi.

Mtoto aliyekwama na anaonekana, nawa mikono, paka mafuta safi ya kupikia au vaselini, mshike kwa kitambaa safi na umvute polepole kuelekea chini, pale tu mama anaposukuma. Asipotoka, acha. Usiingize kidole wala kijiti ndani. Mweke mama sehemu tulivu yenye joto, piga simu kwa afisa mifugo wa kata au daktari.

Sindano ya uchungu si ya kubahatisha

Hapa ndipo wengi wanapochemka. Sindano ya uchungu hufanya kizazi kijikaze. Kama mtoto amekaa vibaya au ni mkubwa kuliko njia, kizazi kinaweza kupasuka na ukampoteza mama pia. Daktari ndiye aangalie kwanza kama njia iko wazi, na ndiye apime dozi.

Pili, usimpe sungura amoksisilini, ampisilini wala penisilini kwa mdomo, hata kama ilimponya mbuzi wako. Tumbo la sungura linategemea bakteria wazuri kusaga majani. Dawa hizo huwaua, wabaya wanabaki, sungura anaharisha na kufa.

Umekuta vitoto vimepoa? Usitupe kwanza

Kitoto kilichopoa kinaweza kuonekana kimekufa kumbe bado. Kipashe joto: kiweke kifuani chini ya nguo, au kwenye kitambaa juu ya chupa ya maji ya uvuguvugu. Kisichezeshwe wala kunyweshwa kikiwa baridi. Kikipata joto kikajikunjua, kirudishe kiotani katikati ya wenzake. Kama mama hakunyofoa manyoya, chukua kidogo tumboni kwake, yanatoka kirahisi wakati huo.

Hesabu vitoto na ondoa vilivyokufa. Kesho yake angalia matumbo. Tumbo la mviringo maana yake kimenyonya, ngozi yenye makunyanzi maana yake njaa. Usiogope kama humwoni mama kiotani. Sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, dakika chache tu, mara nyingi usiku.

Mama akila watoto, kagua maji, kelele, mbwa au panya karibu na banda kabla hujamchinja. Uzao wa kwanza msamehe. Akirudia mara mbili tatu bila sababu, mwondoe kwenye wazazi.

Njia moja ya kuokoa wengi

Kama una majike wawili au zaidi, wapandishe siku moja. Watazaa karibu pamoja. Mmoja akizaa 11 na mwingine wanne, unahamisha watatu. Mmoja akifa au akikosa maziwa, watoto wana mama wa kambo. Tofauti ya umri isizidi siku mbili au tatu, na wapake manyoya ya kiota kipya kwanza ili wachukue harufu yake.

Mwezi mzima wa majani na pumba unaweza kupotea usiku mmoja. Jioni hii andika kwenye ubao wa kila banda siku aliyopandishwa, siku ya kisanduku na siku ya kuzaa. Chini yake andika namba ya afisa mifugo wako.