“Bu Bu Jing Xin”: mapendo mu nyumba ya mufalme, na wandugu wanaogombania kiti cha baba yao

Filme za Kichina ziliingia mu nyumba zetu mbele hata tujue kutaja majina ya watu walio ndani. Papa anatoka posti ya usiku, ananawa, analomba bukari yake, anakuta mama na watoto wamekaza macho pa televizioni. Wanaume wamenyoa nusu ya kichwa, wako na kanzu ndefu, wanapiga magoti kila dakika. “Huyu ni nani?” Hakuna anayemujibu. Wote wanalia.

Ile ya leo inaitwa Bu Bu Jing Xin, njo kusema kila hatua iko na woga wake. Wengine wanaijua kwa jina la Scarlet Heart. Ilionyeshwa mara ya kwanza ku televizioni ya Hunan, kule Uchina, mu mwezi wa 9 mwaka wa 2011. Iko na episodi 35. Imetoka mu kitabu cha mwanamuke mumoja, Tong Hua, alichoanza kutolea ku intaneti mwaka wa 2005.

Habari yenyewe ni hii. Binti wa siku zetu, mufanyakazi wa biro mu muji wa Shenzhen, anapata aksida. Pale anafungua macho, anajikuta mu mwili wa binti mwingine, Ruoxi, miaka 300 nyuma, wakati wa mufalme Kangxi. Yaya yake njo bibi mudogo wa mutoto wa nane wa mufalme. Kiisha anaitwa ku nyumba ya mufalme, anapewa kazi ya kutayarisha chai. Juu alisoma historia kwa masomo, anajua jambo moja ambalo hakuna mwingine anajua: nani atarisi kiti, na nani ataanguka.

Hapo njo nguvu ya filme hii. Tungefikiri mwenye kujua kesho atapona. Hapana. Ruoxi anapenda kwanza huyu wa nane, mutu mupole, mwenye maneno mazuri. Anamulomba aache kugombania kiti, wakimbilie maisha ya utulivu. Bwana anakataa. Wanaachana. Lakini mbele ya kuachana, juu ya mapendo, Ruoxi anamunong’oneza ajichunge na ndugu yake wa ine. Mutu wa nane anashika lile neno, anapanga hila juu ya wa ine, na hila ile inamuangukia wa kumi na tatu, rafiki mukubwa wa Ruoxi, ambaye anajitoa kwa ajili ya ndugu yake na kufungwa miaka 10. Binti alitaka kuokoa mumoja, akaharibu wengi. Anakuja kulijua nyuma, pale amekwisha kumupenda wa ine kwa roho yote. Mutu ambaye hata siku moja hajaharibu jamaa kwa neno la kusaidia, huyo peke yake hatasikia uchungu pale.

Wandugu ndio wenye filme, kuliko mapendo. Kwetu tunajua nyumba yenye bibi wengi, na tunajua nini inatokea pale baba anakufa na dekonti haijagawanywa. Kangxi alikuwa na wana waume 24 waliopewa namba, alitawala miaka 61, mpaka mwaka wa 1722. Miaka mingi vile, watoto wanazeeka wakingojea. Mutoto aliyewekwa kuwa murisi, Yinreng, alitoshwa mwaka wa 1708, akarudishwa 1709, akatoshwa tena 1712. Ile yote ni historia ya kweli, na filme inaifuata vizuri. Tena wa ine na wa kumi na ine walitoka tumbo moja, mama mumoja, na bado hawakupatana.

Pale wa ine alikamata kiti na kuitwa Yongzheng, wandugu wake walipashwa kubadilisha kipande cha majina yao, wasiitwe sawa na mufalme. Wa nane alifukuzwa mu ukoo mwaka wa 1726, akalazimishwa kuachana na bibi yake, akafa mwaka ule ule. Mutu anaweza kufikiri waandikaji waliongeza chumvi. Hapo hawakuongeza.

Wachezaji nao wanastahili sifa. Liu Shishi, anayecheza Ruoxi, hapigi makelele. Anaingia mutoto wa kucheka-cheka, na episodi kwa episodi uso unapunguza mwanga mpaka munaona mwanamuke aliyechoka. Nicky Wu, mutu wa ine, anasema kidogo sana. Anasimama tu, na munajua anawaza. Kuko pahali Ruoxi anapiga magoti mu mvua kulombea wa kumi na tatu, magoti yakamuuma mpaka mwisho wa filme. Wa ine anakuja kusimama karibu naye, bila neno. Seri nyingine ingeweka mazungumuzo ya dakika kumi pale.

Sasa ubaya wake, na uko. Wa kwanza, kila mwanaume mwenye namba anamupenda au anamulinda Ruoxi: wa nane, wa ine, wa kumi, wa kumi na ine. Chai gani ile anayopika? Wa pili, yule binti wa Shenzhen anasahau upesi alikotoka. Mwanzo anabisha, anauliza juu ya nini watu wanapiga magoti. Katikati ya filme hakuna tena swali. Mutu wa miaka yetu, aliyezoea telefone na mushahara wake mwenyewe, angepigana zaidi. Ao basi filme inataka kusema ile nyumba inameza kila mutu. Lakini haisemi, inaacha tu.

Katikati pia panachosha. Kutoka pale wa kumi na tatu anafungwa mpaka Kangxi anakufa, kuko episodi ambazo watu wanakunywa chai, wanaangalia maua, wanapumua. Mama anayeosha vyombo anaweza kukosa mbili, hatapotea.

Tena kuko ukali wa Yongzheng. Filme inataka tumuhurumie mutu anayemuua rafiki wa Ruoxi, mutumishi Yutan, kwa kumupika na moshi wa maji ya moto. Kiisha dakika chache tunarudi ku mapendo na muziki. Pale watoto wadogo wafukuzwe mu chumba, na watu wakubwa wajiulize kama bado wanamutaka bwana wa vile.

Kingine ambacho macho yetu, sisi watu wa shaba, hayawezi kukosa: mu nyumba ile hakuna mutu anafanya kazi ya mikono isipokuwa watumishi na wanaofua nguo. Hariri, feza, vyombo, vyote vinatoka wapi? Wakati ule makuta ya Uchina yalifanywa na shaba. Sehemu kubwa ilitoka Japani, kiisha migodi ya Yunnan, kusini-magharibi mwa Uchina, ikachukua nafasi. Watu walichimba mu milima kule. Yongzheng wa kweli naye alijulikana kwa kusoma barua za kazi mpaka usiku, akizijibu kwa wino mwekundu, na kwa kufuata wakubwa waliokula feza za serikali. Episodi moja juu ya ile ingepita episodi tatu za kuangalia mwezi.

Mwisho siutoi wote. Nitasema tu kuko barua. Ruoxi mugonjwa anaandika, anangojea mufalme aje. Bwana anayemutunza, wa kumi na ine, anaiweka mu bahasha nyingine yenye mwandiko wake, akifikiri anasaidia. Mufalme anaona mwandiko wa ndugu wanaogombana naye, haifungui. Bibi mwenye bwana wa sité ya mbali, aliyetuma mesaje isiyofunguliwa siku tatu, atajua ile saa.

Kuko sehemu ya pili ya mwaka 2014, ya wakati wetu. Muiache, haina nguvu. Wakorea walifanya yao mwaka 2016, episodi 20, mu ufalme wao wa Goryeo, mbio zaidi na machozi zaidi. Ya Wachina, kama kila episodi ni dakika 45, inakula karibu saa 26, umeme ukikubali.

Na kwa wale watakaolia episodi ya mwisho: Liu Shishi na Nicky Wu walipendana kweli nje ya filme, wakafanya karamu ya ndoa mwaka 2016 kule Bali.