Kuacha unga Bluff: kanisa, mtoto na dozi ya methadoni

Heroini inayouzwa Durban huanza safari Afghanistan. Hupakiwa kwenye majahazi pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, na kushushwa Kenya, Tanzania au kaskazini mwa Msumbiji, kisha husafirishwa kwa barabara hadi Afrika Kusini. Ukubwa wa biashara hiyo ulionekana Aprili 2014, manowari ya Australia iitwayo Darwin ilipokamata kilo 1,032 katika jahazi moja nje ya Mombasa. Unaofika mitaani Durban ni unga duni wenye mchanganyiko, unaojulikana kwa majina ya whoonga na sugars. Sugars ilishika kasi Chatsworth, kitongoji cha Durban, katikati ya miaka ya 2000, na wazazi wa huko wakaanzisha jukwaa lao la kupambana nayo.

Bluff ni rasi inayokinga bandari ya Durban upande wa kusini. Kuanzia 1873 iliwapokea watumwa walioachiwa huru, waliopitia Zanzibar, wakakaa Kings Rest mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth miaka ya 1960. Siku hizi, mkazi wa rasi hiyo anayetaka kuacha unga au pombe ana sababu nzuri ya kumwendea mchungaji kabla ya daktari: mlango wa kanisa hauna ada wala barua ya rufaa.

Anachokipata huko si maombi peke yake. Uraibu hula siku nzima, kwa kuwa kutafuta fedha, kutafuta muuzaji na kuvuta huanza upya kila baada ya saa chache. Ibada, mkesha, kikundi cha sala na kazi za kujitolea huijaza siku hiyo kwa ratiba nyingine. Aliyeokoka hupata pia jina jipya mbele ya watu, na ushuhuda wake humfunga kwa namna ambayo ahadi ya siri haiwezi. Mbinu hii ina historia ndefu. Alcoholics Anonymous, chama cha kusaidiana kuacha pombe kilichoanza Marekani mwaka 1935, kilichota sehemu kubwa ya hatua zake 12 kutoka Oxford Group, kundi la mchungaji Mlutheri Frank Buchman. David Wilkerson, mhubiri wa Kipentekoste, alianza kazi iliyozaa Teen Challenge, shirika la kusaidia waraibu, jijini New York mwaka 1958. Hata hivyo Ukristo hauna hakimiliki ya njia hii, kwani nyumba za kupata nafuu za Zanzibar zinatumia hatua hizohizo 12 kwa Waislamu.

Uzazi hufanya kazi tofauti. Imani humpa mraibu jamaa wapya, mtoto humpa tarehe. Chini ya Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini, namba 38 ya 2005, mahakama inaweza kumweka mtoto aliyetelekezwa kwa mlezi, na kwa kawaida amri hiyo haizidi miaka miwili kabla ya kuangaliwa upya. Mzazi anajua kwamba afisa ustawi wa jamii ataandika ripoti. Wapo wanaoacha kwa ajili hiyo. Lakini kumtwika mtoto jukumu la kumponya mzazi ni kosa, maana mzazi akirudia, mtoto hujiona ndiye aliyeshindwa.

Mwili nao una sheria zake. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, huanza saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na hupungua ndani ya siku kumi hivi. Inatesa, ila kwa kawaida haiui. Ya pombe inaweza kuua kwa degedege, kwa hiyo kumfungia mlevi wa miaka mingi kwenye chumba cha maombi bila daktari ni hatari. Kwa mvuta unga, hatari kubwa huja baadaye: mwili umeshasahau dozi ya zamani, na akirudia kiasi kilekile anaweza kuacha kupumua. Methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, hupunguza vifo hivyo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, hospitali ya Muhimbili nchini Tanzania ilianza kuitoa 2011, na Durban ina kituo cha Bellhaven kilichofunguliwa 2020, baada ya amri ya kutotoka nje ya wakati wa korona kuonyesha ni wangapi waliokuwa na arosto barabarani.

Baadhi ya wachungaji huiona methadoni kuwa ulevi mwingine na kumtaka muumini aitupe kama dalili ya imani. Hapo wanakosea, na kosa lao ni kubwa zaidi kwa mama mjamzito. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014 unashauri mjamzito anayetegemea heroini aendelee na methadoni au buprenofini, badala ya kuacha ghafla.

Sheria namba 70 ya 2008 ya Afrika Kusini inataka kila kituo cha tiba ya uraibu kisajiliwe, cha kanisa kikiwemo. Familia inayompeleka ndugu yake kwenye nyumba ya maombi iulize kwanza cheti hicho, kisha jina la muuguzi au daktari anayefika hapo.