Presha ya Mwalimu na Fomu ya Kanada

Juni iliyopita, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye vichanja karibu kila ua hapa Mbinga, alinijia mwalimu mmoja mstaafu na bahasha ya kaki mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaketi na kunikabidhi karatasi zilizotoka kwa mwanawe Kanada. Ilikuwa hati ya bima ya afya ya mwaka mzima, imeshalipiwa. "Nisomee," akasema, "maana Kiingereza hiki si kile nilichofundisha."

Ukurasa wa tatu ulikuwa na swali: je, mwombaji ametibiwa presha, moyo, kisukari au kiharusi? Kijana alijibu hapana. Hakuwa na hila. Aliondoka nyumbani mama yake akiwa mzima, na kwenye simu mama hasemi maradhi yake. Lakini mkobani mwa mwalimu mlikuwa na vidonge vya amlodipine, pamoja na kadi ya kliniki inayoonyesha kwamba tarehe 10 mwezi huohuo daktari alimpandishia dozi kutoka miligramu 5 hadi 10.

Kazi yangu ni bima, na maswali ya namna hii yanaongezeka. Watoto waliosomeshwa kwa kahawa ya Umatengo na dagaa wa Ziwa Nyasa wamefika Toronto, Munich na Muscat, na sasa wanawaita wazazi. Anayetoka Mbamba Bay kuvuka kwenda Nkhata Bay kumwona shangazi haulizwi bima. Anayekwenda mbali zaidi huulizwa, na jibu lake lina mitego.

Tuanze na Kanada. Tangu Desemba 2011 wazazi na mababu wa raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo wana viza yao maalumu, inayoitwa Super Visa. Tangu Julai 2022 mwenye viza hiyo anaweza kukaa hadi miaka 5 kwa mkupuo mmoja. Awali ilikuwa miaka 2. Mtoto huonyesha kwamba kipato chake kinatosha, mzazi hupimwa na daktari aliyeteuliwa na serikali ya Kanada, kisha inakuja bima. Sharti ni kwamba ilipe angalau dola 100,000 za Kanada, idumu mwaka mmoja tangu siku ya kuingia, na igharamie matibabu, kulazwa na kurudishwa nyumbani. Karatasi ya makadirio ya bei haikubaliwi: ama umelipa yote, ama umetanguliza malipo ya awamu. Zamani ilikuwa lazima kampuni iwe ya Kanada. Tangu Januari 2025 hata ya nje inakubaliwa, ila iwe imeidhinishwa na mamlaka inayosimamia mabenki na bima kulekule Kanada. Wakala akikuambia yake inafaa, mwombe akuonyeshe jina la kampuni kwenye orodha ya mamlaka hiyo kabla hujatoa hela.

Kwa nini wanadai hivyo? Wanaogopa bili ya hospitali isiyo na mlipaji. Thailand, inayopokea wastaafu wengi wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, iliweka sharti la bima kwa viza yao ya kukaa muda mrefu mwaka 2019, kisha ikapandisha kiwango hadi baht milioni 3. Nasi tumo: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hukata bima ya dola 44 za Marekani. Sharti la bima kwenye viza humlinda kwanza mwenye nchi. Mgonjwa hufuata, tena kwa kadiri mkataba unavyoruhusu.

Hilo ndilo lililomkanganya mwalimu, na simlaumu. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi mwaka 2001, yeye alikuwa akikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akiongeza 3 nyingine. Amestaafu, lakini kadi yake bado inamtibu, yeye na mumewe, bila mchango mpya. Kwa kadi hiyo hupima presha kila mwezi na kurudi na vidonge vyake. Kwa hiyo akisikia neno bima anaona dirisha la dawa. Bima ya viza haina dirisha hilo. Hulipia dharura: umeanguka kwenye barafu, kidole tumbo kimekupata usiku, umelazwa kwa nimonia. Kupima presha kila mwezi na dawa za kila siku hulipi kwa bima hiyo. Unalipa mwenyewe, au analipa mtoto.

Halafu kuna kifungu ambacho mimi hukitafuta kabla ya bei: maradhi yaliyokuwepo kabla ya bima kuanza. Baadhi ya mikataba huyakataa moja kwa moja. Mingine huyakubali mradi yawe yametulia kwa muda fulani, mara nyingi siku 90 au 180 kabla ya siku ya kwanza ya bima. Kutulia hapa si kujisikia vizuri. Maana yake ni kwamba hakuna dalili mpya, hukulazwa, hakuna kipimo unachosubiri, na dawa haikubadilishwa. Hata dozi ikipunguzwa kwa sababu umepata nafuu, kampuni nyingi huhesabu hayo kuwa ni mabadiliko, na siku zinaanza kuhesabiwa upya.

Turudi kwa mwalimu. Bima yake ilikuwa ianze Agosti, na mkataba ulidai siku 180. Dozi ilibadilishwa tarehe 10 Juni, kwa hiyo siku hizo zingetimia tarehe 7 Desemba. Kama angesafiri Agosti na kupatwa na kiharusi Oktoba, kampuni ingeita faili lake la kliniki, ingeona vidonge vya miligramu 10, kisha ingesoma lile jibu la hapana. Kwanza ingekataa bili. Pili, kwa kuwa fomu ilijazwa uongo, hata kama si wa makusudi, ingeweza kuufuta mkataba wote, pamoja na ile nimonia isiyohusiana kabisa na presha.

Bei hupanda kwa umri na kwa maradhi yaliyotajwa. Hushuka ukikubali kubeba mwenyewe sehemu ya kwanza ya kila bili. Sehemu hiyo ikiwa dola 1,000 ada inapungua, lakini mtoto ajue kwamba atakapofika hospitali na mama, hizo elfu moja zinatoka mfukoni mwake. Familia nyingi huchagua ada ndogo bila kulizungumza hili.

Wanaokwenda Ujerumani, na kwetu hawakosekani kwa sababu ya udugu wa muda mrefu na Wabenediktini wa Peramiho, wasichanganye mambo mawili. Bima ya Schengen ya yuro 30,000 ni ya viza ya siku zisizozidi 90. Anayeomba kuishi huko ana masharti mengine, na hati hiyo haitamsaidia.

Neno kuhusu kurudishwa, ambalo wazee wetu hawapendi kulitaja mezani. Mkataba ukisema utarudisha maiti nyumbani, uliza nyumbani ni wapi na kikomo ni kiasi gani. Kampuni inaweza kuwa na maana ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Kutoka pale hadi Lituhi au Liuli ni safari ya barabara ya zaidi ya kilomita elfu moja, na hiyo huenda ikabaki ya ukoo.

Mwalimu alimpigia mwanawe palepale, kwa spika, nami nikasikia kijana akinyamaza kwa muda. Fomu ilirekebishwa, ada ikapanda, tarehe ikasogezwa hadi katikati ya Desemba. Alirudi kliniki akaomba barua ya daktari kwa Kiingereza, yenye majina ya dawa, dozi na tarehe, akanunua na vidonge vya kumtosha miezi ya mwanzo.

Ninyi watoto mlioko huko: kabla ya kumjazia mama fomu, mpigieni, na mwambieni aweke dawa zake zote mezani azisome moja moja.