Mwalimu mtarajiwa hupimwa na moyo pia

Wazazi wa hapa Ghuba wenye watoto wanaosomea ualimu Marekani, hasa waliopanga vyumba University District kule Columbus, huniuliza: mtoto kafaulu mitihani yote, mbona bado anapimwa mwenendo?

Kinachopimwa ni kipana kuliko tabia njema. Ni namna mtu anavyoelekea kutenda pale asipoamrishwa: mtoto akikosea hesabu mara ya tano, mwalimu atamdhihaki au atatafuta njia ya sita? Mimi nilikuwa karani, nimepiga taipu ripoti nyingi za siri za walimu. "Mtiifu, tabia njema", basi. Aliyesifiwa hakujua kasifiwa kwa lipi, na aliyeharibiwa hakuona alichoandikiwa.

Kwa sehemu, mizizi ya jambo hili imo Columbus penyewe. Arthur Combs alisoma Chuo Kikuu cha Ohio State, ambako Carl Rogers alifundisha saikolojia. Baadaye, akiwa Florida, yeye na wenzake walichunguza kinachomtenga mwalimu hodari na dhaifu. Hawakukiona katika mbinu za kufundishia. Walikiona katika macho ya mwalimu kwa mwanafunzi: anamwona anaweza, au hawezi? Mwanafunzi wake, Mark Wasicsko, aliiendeleza kazi hiyo Kentucky, jimbo la Louisville.

Katika masharti yake mapya ya mwaka 2000, NCATE, baraza lililokuwa likiidhinisha vyuo vya ualimu, liliuweka mwelekeo wa moyo pamoja na elimu na ujuzi. Hapo ugumu ukaanza, maana moyo hauna mizani, na mpimaji aweza kupima itikadi akidhani anapima mwenendo.

Kesi mashuhuri ni ya jimbo la New York, ndiko iliko Buffalo. Mwaka 2005 chuo cha Le Moyne, Syracuse, kilimkatalia Scott McConnell kuendelea na masomo. Alikuwa ameandika insha akisema adhabu ya viboko ina nafasi darasani. Insha yenyewe ilipata alama nzuri! Januari 2006 mahakama ya rufaa iliamuru arudishwe, kwa kuwa chuo hakikufuata taratibu zake chenyewe. Mimi viboko sivitetei, nimevionja vya kutosha shule ya misheni. Lakini mtu kuandika rai ni jambo moja, na kumpiga mtoto ni jingine.

Sasa watoto wetu. Tumewalea wainamishe macho mbele ya mkubwa, na wakisahihishwa wanyamaze. Mpimaji wa kule aweza kuandika kwamba hajali, hapokei masahihisho. Basi kijana amwambie mapema kwamba kwetu hiyo ni adabu, kisha ajizoeze kujibu: nimesikia, kesho nitafanya hivi.

Fomu ya kupimia aiombe wiki ya kwanza, asingoje mwisho wa muhula. Akipewa alama ya chini, aombe kwa upole iandikwe tarehe na kitendo chenyewe: alichelewa lini, alimjibu nani vibaya. Aulize pia rufaa hupelekwa kwa nani na kwa muda gani. Na kila karatasi iliyotiwa saini aipige picha, aitume nyumbani.