Mita ya maji kwa wapangaji: angalia R kabla ya bei

Ukiwa na nyumba ya wapangaji Chanji au Izia, Sumbawanga, unalijua hili: bili ya mamlaka ya maji, SUWASA, inakuja moja, ugomvi unakuja kwa kila chumba. Dawa ni mita ndogo kwa kila mpangaji. Lakini ukifuata bei tu, jumla ya mita ndogo haitafikia uniti za mita kuu, na pengo hilo utalilipa wewe.

Pengo linatoka kwenye maji madogo. Koki ikifunguliwa yote, karibu kila mita nzima inahesabu vizuri. Kazi ipo pale floti ya tanki la choo inapovuja na maji yanapita kama uzi. Lita 10 kwa saa ni ndoo 12 kwa siku, uniti 7 na ushee kwa mwezi. Mita dhaifu inaweza isitikisike kabisa.

Kwa hiyo soma uso wa mita dukani. Tafuta Q3 na R. Q3 ni mtiririko mkubwa inaoweza kuubeba mfululizo bila kuharibika. Kwa mita ya nusu inchi mara nyingi ni 2.5, yaani uniti mbili na nusu kwa saa, ndoo mbili kwa dakika. Familia haihitaji zaidi. Sasa gawanya Q3 kwa R: R80 inaanza kuaminika kwenye lita 31 kwa saa, R160 kwenye lita 16. Chini ya hapo mtengenezaji hakuahidi chochote. Mita ya robo tatu ya inchi yenye Q3 ya 4 na R80 inaanzia lita 50, kwa hiyo kubwa si bora. Baada ya hapo chagua aina ya mita.

Ya mkondo mmoja. Ndiyo rahisi kuliko zote, na ni ndogo. Inafaa kama hela imebana, ila angalia R yake isiwe chini ya 80.

Ya mikondo mingi. Bei iko juu kidogo, inavumilia uchafu, na mafundi bomba wengi wameizoea. Sharti ilale. Herufi H ni ya kulala, V ni ya kusimama. Ile ile yenye R80 ikilala inaweza kushuka hadi R40 ikisimamishwa.

Ya pistoni. Haina mpinzani wa bei yake kwenye maji madogo, hata ikisimama. Adui wake ni mchanga: punje moja inaweza kuikwamisha. Kama bomba lako huleta tope kati ya Novemba na Aprili, achana nayo.

Ya mawimbi ya sauti. Haina kitu kinachozunguka, na R yake hufika 250 au 400. Bei ni mara kadhaa ya zile za kawaida. Betri hudumu miaka 10 hadi 15. Ikiisha, kwa kawaida unanunua mita nyingine. Waachie wenye hoteli.

Ya lipa kabla. Inamaliza ugomvi wa kudai. Uliza kwanza: tokeni anauza nani, anakata kiasi gani kila ununuzi, na akifunga biashara utafanyaje?

Bei ya dukani si bei ya mwisho. Ongeza viunganishi, kichujio, geti vavu na fundi. Ukiagiza Mbeya au Dar es Salaam, ongeza nauli ya mzigo, na ujue kurudisha mita mbovu kunakugharimu nauli ya pili. Uliza pia Wakala wa Vipimo kuhusu uhakiki kabla ya kuanza kutoza watu. Mita kuu usiiguse. Hiyo ni shughuli ya mamlaka.

Penye mgao, upepo kwenye bomba huzungusha mita, mpangaji akalipia hewa. Ukifunga mita ndogo baada ya tanki unaepuka hilo, na mchanga mwingi unabaki chini ya tanki. Unachopoteza ni presha.

Ijaribu kabla ya kulipa. Fungua maji kidogo, chupa ya lita moja ijae kwa dakika mbili. Hiyo ni lita 30 kwa saa. Kile kinyota kwenye uso wa mita kikisimama tuli, rudisha mita rafuni.

  

Kwa wapangaji, chukua ya mikondo mingi, nusu inchi, R160 ikipatikana, ilale, iwe na kichujio. Hela ikipungua, shika R80, na kiasi kilichobaki badilishia floti inayovuja.