Usisingizie mlima

Mwenyeji wa Ufipa hahitaji kufundishwa kupanda. Mji wetu wa Sumbawanga uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na bonde la Ziwa Rukwa liko chini yetu kwa takriban mita 1,000. Anayetoka Muze kwa miguu hukabili ukingo wa Lyamba lya Mfipa, mara nyingi akiwa na mzigo kichwani.

Wenzetu nao hupanda. Kampala ilianzia juu ya vilima saba. Mwanza watu wamejenga katikati ya mawe, na ndoo za maji hupandishwa humo humo, hata Hospitali ya Bugando iko juu ya kilima (mgonjwa wa magoti hakuulizwa!). San Francisco, Marekani, zipo ngazi za umma zinazopita kati ya nyumba na nyumba. La Paz, kule Bolivia, iko mita 3,600 hivi, na tangu mwaka 2014 wananchi hupandishwa kwa vigari vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma. Sisi tuna miguu, wala si hasara.

Mwaka 1953 huko London, Dakta Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Makondakta, waliopanda vidato vya basi mamia kwa siku, waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kutwa. Kupanda huimarisha moyo. Kushuka ndiko huumiza magoti, hasa ukiwa na mzigo. Shuka polepole, kwa hatua fupi, na fimbo si aibu.

Lakini kuna jambo lililotufundisha. Mama mjamzito alifika kwetu akitokea bondeni, anahema. Tulimwambia aketi kwenye benchi apumzike, tukiamini ni mlima. Saa nzima ikapita, bado anahema. Ndipo tulipovuta kope la chini la jicho: ndani peupe kabisa. Damu ilikuwa imepungua mno. Aliongezewa damu, akajifungua salama, lakini saa ile hatuisahau.

Mtu mzima wa afya akifika juu hutulia baada ya dakika chache. Asiyetulia, au anayesimama mara tatu katika njia aliyozoea kuipanda bila kusimama, aje apimwe. Vivyo hivyo mwenye miguu iliyovimba, au kikohozi cha wiki mbili na zaidi. Maumivu ya kifua yanayokuja wakati wa kupanda na kuondoka ukipumzika ni dalili ya moyo; usingoje yarudi.

Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema, ameze vidonge vya kuongeza damu, apate dawa ya minyoo na ya kukinga malaria kwa wakati wake, na alale ndani ya chandarua chenye dawa. Safura na malaria hula damu kimya kimya.

Na ukifika hospitali unahema, mweleze muuguzi hali hiyo ilianza lini. Akikuonyesha benchi kabla ya kutazama macho yako, mwambie ayatazame.